Eda Iliyokwisha Kabla ya Kilio

Uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, usihangaike kwenda kuazima kwa jirani. Habari ni hii. Swaumu wa Fukayosi, mke wa Hija dereva wa lori, amekubali kumpigia kampeni mtu ambaye roho yake haimtaki hata kidogo. Mtu huyo ni Muzammil, anayeomba ubunge kwa mara ya pili. Ni yuleyule ambaye ng'ombe wake waliingia katika shamba la mananasi la babake Swaumu wakalikanyaga lote, na mzee akafa na kinyongo chake.

Swaumu alikubali kwa sababu moja. Hija alikuwa akiendesha lori la Muzammil. Aliingia nalo Kongo na shehena ya Muzammil, vita ikamfungia huko, na tangu Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, simu yake haikuita tena. Mtu pekee aliyesema ana njia ya kumpata alikuwa Muzammil. "Wewe imba, unikusanyie kina mama," alimwambia, "nami nitamtafuta mumeo."

Swaumu akaimba. Mwenyewe kaniambia niandike hivyohivyo, nisimpambe wala nisimtetee. Alipaka hina, akajifunga khanga yenye uso wa Muzammil, akazunguka naye vijiji akiongoza wimbo alioutunga kwa kinywa chake: shika usukani Muzammil, sisi tumeshapanda. Wapinzani waliposema kwamba Muzammil anatuma watoto wa watu vitani kwa ajili ya mizigo yake, Muzammil alimnyooshea Swaumu mkono. "Mke wa dereva wangu huyu hapa. Muulizeni yeye."

Na mara kwa mara alimletea neno. Hija kaonekana. Hija yuko kwenye kambi ya wakimbizi, minara ya simu imelipuliwa ndiyo maana hapigi. Siku ya Iddi ya Mfungo Tatu alikuja mpaka nyumbani na kusema, "Hija anawasalimu, anasema mchinje mbuzi kwa niaba yake." Wakachinja, wakala, wakagawia majirani.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa njoo uone.

Alhamisi alasiri gari la Muzammil lilisimama mbele ya nyumba ya Bi Mgeni, mama yake Hija, ambako Swaumu alikuwa akiishi tangu mumewe aondoke. Gari lile halikuwa na desturi ya kufika kimya. Siku zote lilitanguliwa na spika zake, watoto wakilikimbilia. Siku hiyo spika zilikuwa zimezimwa.

Swaumu alikuwa akimenya muhogo uani. Aliona kofia ya Muzammil iko mkononi badala ya kichwani, akaweka kisu chini.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Ndani, anaswali."

"Tumngoje amalize. Kaa kitako."

"Sikai. Sema."

Muzammil alitazama chini. "Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Hija hatunaye."

Bi Mgeni alikuwa keshatoa salamu ya swala, amesimama mlangoni na msala mkononi. Alisikia kila neno. Alikwenda chini pale pale kizingitini, na ukelele wake ukawatoa wanawake wa mtaa mzima majumbani mwao. Walimwinua, wakampeleka upande wa pili wa nyumba, wakammwagia maji.

Swaumu hakulia. Alivua bangili, akavua hereni, akafungua ile khanga ya kampeni kiunoni na kuitupa juu ya maganda ya muhogo. Akamwomba jirani nguo nyeupe. Alikuwa ameishika tu, hajaivaa, alipoitwa nyuma ya jiko na Najim.

Najim ni mpiga debe wa Muzammil, mtu wa Dar, hodari wa kipaza sauti. Kusema anajua. Kunyamaza hakufundishwa.

"Mheshimiwa anakutaka faragha, dada."

Muzammil alikuwa amesimama karibu na kuni, anajipepea na kofia.

"Pole sana, mwanangu. Ndivyo Mungu alivyopenda."

"Kafaje?"

"Lori lilikuta mapigano njiani. Lakini kazikwa vizuri, na Waislamu wenzake. Kashughulikiwa na watu wa dini, usiwe na wasiwasi."

Swaumu aligeuka kutazama upande uliotoka kilio cha Bi Mgeni. Muzammil akaona nafasi yake.

"Sasa nisikilize. Jumamosi nina mkutano mkubwa Bagamoyo mjini. Kuna dereva karudi kutoka kule, anasema ovyo kuhusu Hija, na wale wa upande wa pili wameshampata. Wakitangulia wao kulisema jambo hili, mimi nimekwisha. Nataka ulitangulize wewe. Upande jukwaani, uwaambie mumeo kafia kazini na mimi sikukutupa. Basi."

Swaumu alimtazama kama mtu aliyeambiwa ale mchana wa Ramadhani.

"Mheshimiwa, mimi nina eda. Sitoki nje ya ua huu."

"Hilo nimeshalifikiria," Muzammil alisema, na kusema kweli alilisema kwa fahari, maana alikuwa amejiandaa. "Nimemuuliza sheikh, tena mtu mzito. Kasema eda huhesabiwa toka siku ya kifo. Siku habari ilipofika haimo. Kwa hiyo yako imeshakwisha. Huna kizuizi chochote."

"Unaona?" Najim akadakia. "Mheshimiwa kashakurahisishia."

Swaumu alibaki na nguo nyeupe mikononi.

Msomaji wa pwani ameshaelewa. Kwa mwingine nitasema polepole. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Siku ile Muzammil alipokuwa akijipepea karibu na kuni, Mfungo Saba ulikuwa bado mchanga.

Swaumu alirudi nyuma mwezi kwa mwezi. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, aliimba Kaole mpaka sauti ikakauka. Mfungo Tano ulikuwa wa kura za maoni, alicheza mbele ya gari mpaka ndara ikakatika. Mfungo Nne alipaka hina kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke, kwa kuwa Muzammil alimwambia kina mama hawamfuati mwanamke aliyenuna. Mfungo Tatu walichinja mbuzi. Akaona inambidi arudi nyuma zaidi ya mbuzi, kabla Mfungo Tatu haujaandama.

"Hija alikufa lini?"

"Habari imenifikia jana."

"Sijakuuliza habari. Nimekuuliza yeye."

Ndipo Muzammil alipojisikia mwenyewe alichokisema. Kofia iliacha kupepea.

"Mbuzi yule," Swaumu alisema, "tulimchinja kwa salamu za nani?"

"Nilitaka mpate Iddi ya furaha."

"Salamu za nani, Mheshimiwa?"

"Mwanangu, ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Ningetangaza msiba pale, wangenichinja mimi."

Najim aliwatazama wote wawili, huyu kisha yule. "Sasa tatizo ni nini? Si ndiyo vizuri, imekwisha?"

Swaumu aliumia mahali ambapo hakujua kama pana maumivu. Kudanganywa alishazoea, tangu lini mgombea akasema kweli? Kilichomchoma ni eda. Mwanamke aliyefiwa huachiwa muda ule wa kukaa ndani, kunyamaza, asitakwe na mtu wala kazi, mpaka amalize kumsindikiza mumewe. Wake ulianza hajui, ukaisha hajui, yeye akikata mauno mbele ya spika na uso wa mwongo kiunoni.

"Umeninyang'anya eda yangu," alisema.

"Hukujua, kwa hiyo huna dhambi. Hata hilo nimeliuliza."

"Sikuzungumzia dhambi. Na jukwaani sipandi."

Muzammil alimwashiria Najim aende garini. Akavaa kofia yake. Sauti ilipotoka tena ilikuwa ya chini, ya mtu aliye kazini.

"Shuaibu yuko mpakani."

Shuaibu ni mdogo wake Hija, mtoto wa mwisho wa Bi Mgeni na sasa ndiye pekee aliyebaki. Wafuatiliaji wa hadithi hii wanakumbuka alivyokubali kuendesha lori jingine la Muzammil, ati aende akamtafute kaka yake.

"Ameshashusha mzigo," Muzammil aliendelea. "Anangoja neno langu. Kuna shehena ya kwenda ndani, njia ileile ya Hija. Madereva wote wameikataa. Nikimwambia ageuze, atalala hapa kabla ya kura. Nikimwambia apakie, atapakia, tena mbio, kwa sababu bado anaamini kaka'ke yuko huko hai."

"Utamuua na huyu?"

"Mimi simuui mtu. Mimi nina malori."

Aliondoka. Akielekea garini akapita kwa Bi Mgeni, akainama, akamnong'oneza maneno, akambusu mkono. Alimpa nusu tamu: Shuaibu anarudi, ikiwa Swaumu atapanda jukwaani. Nusu nyingine, ile ya miezi, hakuigusa.

Jioni ile Swaumu alipiga simu ya Shuaibu mpaka kidole kikamuuma. Haikupatikana. Aliyeweza kumfikia Shuaibu kule mpakani alikuwa msimamizi wa Muzammil tu, na namba yake alikuwa nayo Muzammil.

Magharibi ilipoingia Bi Mgeni aliwaomba wanawake wampishe, akaingia chumbani kwa mkwewe. Alifunga mlango. Kisha akafanya jambo ambalo halifanywi. Alipiga magoti mbele ya mke wa mwanawe.

"Mama, inuka. Utaniachia laana."

"Siinuki. Mmoja kashakwenda, mwanangu. Huyu nirudishie."

"Mama, hujui huyu mtu katufanyia nini."

"Kanizikia mtoto. Nini tena kinachozidi hapo?"

Swaumu alikuwa na la kusema. Lilimjaa mdomoni. Mwanao hakufa juzi, mama. Alikufa kabla ya Iddi, na nyama ile uliyoila ukiomba dua arudi salama uliila naye yumo kaburini. Alimtazama yule bibi pale sakafuni, kichwa kimefungwa kitambaa cha maumivu, macho yamevimba. Aliyefiwa na mtoto mchana, akafiwe tena na mtoto huyohuyo usiku? Hakuweza.

"Ni maneno tu," Bi Mgeni alisema. "Umeyasema mangapi kwa ajili ya Hija? Sema na haya kwa ajili ya Shuaibu."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililommaliza.

"Nitapanda, mama. Inuka."

Jumamosi uwanja wa mpira ulijaa. Bi Mgeni aliwekwa kiti cha mbele kabisa, mama wa marehemu, na chupa ya maji baridi mapajani. Swaumu alivaa nyeupe, na juu yake ikabidi ajifunge tena khanga ya kampeni, maana Najim aliisimamia mwenyewe. Alitembea kwenda jukwaani huku akijichukia. Anasema siku hiyo hata miguu yake hakuipenda, ilivyokubali kupanda ngazi.

Muzammil alimtangaza kwa sauti ya kilio. Kisha akampa kipaza sauti.

"Naitwa Swaumu, mke wa Hija," alisema. "Mume wangu amefariki. Kafia kazini, katika vita isiyomhusu. Mheshimiwa hakututupa. Nawaomba mumpe kura."

Watu wakashusha pumzi. Wanaume wengine walifuta macho. Lilikuwa linapita. Muzammil alishaanza kunyoosha mkono apokee kipaza sauti chake, na Swaumu alikuwa keshamwona Shuaibu akigeuza lori.

Hapo mwanamke mmoja alisimama upande wa kina mama. Bi Arafa, somo yake, yule aliyemfunda kabla hajaolewa. Bi Arafa alikuwa shabiki wa Muzammil wa kutupwa, khanga ya kampeni kavaa pea nzima. Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza alichokuwa na haki ya kuuliza.

"Swaumu, pole kwa msiba, mwanangu. Lakini uko nje unafanya nini? Eda umemwachia nani?"

Wanawake waliitikia kwa pamoja, "Ehe."

Muzammil alimfanyia Najim ishara ya mkono: weka muziki. Najim, kwa akili yake, akaelewa kwamba anaambiwa ajibu. Alikirukia kipaza sauti kama alivyozoea.

"Kina mama, tulieni. Mheshimiwa si mtu wa kuvunja dini. Sheikh kashaulizwa, tena sheikh mkubwa. Eda ya dada yetu imeshakwisha. Kila kitu kiko sawa."

Wanaume wakapiga makofi.

Upande wa kina mama hakukuwa na makofi. Bi Arafa alikuwa amekunja kidole kimoja, akakunja cha pili. Aliye kando yake naye akakunja. Mfungo Saba. Sita. Tano. Minong'ono ilitambaa kutoka mkeka hadi mkeka, na kila ilipofika, vichwa viliinuka vikamtazama Muzammil.

Bi Mgeni alikuwa wa mwisho kumaliza kuhesabu. Pengine hakutaka kufika. Aliweka chupa ya maji chini, akainuka, akatembea mpaka chini ya jukwaa. Hakuna aliyemzuia.

"Swaumu."

"Abee, mama."

"Mwanangu alikufa lini?"

Swaumu alishika fundo la khanga ya Muzammil.

"Iddi nilichinja. Alikuwa hai?" Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja mzima ulikuwa umeitegea. "Na wewe ulijua, ukaniacha nikupigie magoti?"

Nyuma yake Swaumu alisikia pumzi za Muzammil. "Mwambie kafa juzi," alinong'ona. "Mwambie sheikh kakosea, huyu mpumbavu kakosea. Sema hivyo tu na Shuaibu anageuza. Simu ninayo hapa, msimamizi yuko hewani."

Kipaza sauti kilirudishwa mkononi mwa Swaumu. Alikiona kizito. Akisema juzi, Bi Mgeni atampata mtoto mmoja, na ataendelea kumsomea mwingine hitima kwa tarehe ya uongo maisha yake yote. Akisema kweli, Shuaibu hageuzi. Alitafuta neno la tatu, hakulipata. Alikuwa ameyatumia maneno yake yote kwa mtu huyu, hakubakiwa na moja la kumpa mama yake.

Akakiweka kipaza sauti chini.

Alifungua fundo la khanga ya Muzammil, ikaanguka. Kisha akakaa. Alikaa kwenye mbao za jukwaa, akakunja miguu, akajifunika nguo nyeupe mpaka usoni kama mfiwa anavyokalishwa siku ya kwanza, na akatulia. Eda aliyonyimwa aliianza hapo, mbele ya wapiga kura.

Halafu Bi Arafa akavua khanga yake ya mabegani, akaikunja, akaikalia. Wengine wakafuata, mkeka kwa mkeka, mpaka upande wote wa kina mama ukawa umekaa chini kimya, matanga katikati ya uwanja wa mpira. Bi Mgeni alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ubao wa jukwaa, karibu na goti la mkwewe. Hakuuliza tena. Alikuwa ameshajibiwa.

Najim, aliyechelewa siku hiyo kwa kila kitu, ndipo alipowasha muziki. Spika zote zilifunguka kwa pamoja, ule wimbo wa usukani, sauti ya Swaumu mwenyewe ikiimba juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo chini kule hawakusikia. Aliyesikia ni Swaumu peke yake, kwa sababu Muzammil alikuwa amechuchumaa nyuma yake kabisa, kaziba sikio moja kwa kidole, simu iko kwenye jingine.

"Mpe Shuaibu," Muzammil alikuwa akisema. "Haloo, Shuaibu? Ehe, kijana wangu, habari njema. Kaka yako kapatikana. Mzima, mzima wa afya, anakungoja huko ndani. Pakia sasa hivi, uende ukamchukue."